Nyota isiyo na jina: kusoma medali ya askari wa Keya aliyekwenda Burma

Sonara aliipima, akaisugua ncha moja kwenye jiwe lake jeusi, akadondosha tone la dawa, akangoja. Kisha akaisukuma juu ya meza kwa kidole kimoja. "Hini shaba, mama. Shaba na zinki. Dhahabu hamna."

Shangazi hakujibu. Aliifunga nyota ile kwenye pindo la leso, akapiga fundo, tukatoka. Tulipofika karibu na Marikiti ndipo aliponigeukia. "Kwa hivyo Mfalme alimdanganya babangu?"

Si shangazi yangu wa damu. Ni jirani, mama wa miaka sabini na kitu, na mtaa mzima twamwita hivyo. Babake alitoka Taita akaingia Keya, yaani KAR, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, na baada ya vita akaja Mombasa kutafuta kazi bandarini. Alikufa zamani. Alichoacha kimo ndani ya mkebe wa biskuti, na nyumbani kwao mkebe huo umezaa ubishi wa miaka: mmoja asema nyota ni ya dhahabu, wa pili asema alituzwa kwa kuua Wajapani kumi peke yake, wa tatu asema iko fidia London inangoja mwenye nyota ajitokeze. Kila mmoja amekosea kivyake, na kila mmoja ana sababu ya kukosea, maana vitu hivi vilitengenezwa kwa namna ambayo asiyefundishwa kuvisoma hataambulia kitu.

Tulipofungua mkebe nilikuta vitu vitatu na bahasha. Cha kwanza ni nyota yenyewe, ncha sita, upana wa sentimita nne hivi, imepiga weusi. Katikati ina taji na herufi zilizosukana, GRI na VI, maana yake Mfalme George wa Sita, Mfalme na Kaizari. Kuzunguka herufi hizo kuna maneno "THE BURMA STAR". Cha pili ni medali ya mviringo, nyeupe, nzito mkononi: upande mmoja kichwa cha Mfalme kimevaa taji, upande wa pili simba amesimama juu ya mnyama mwenye vichwa viwili, kimoja cha tai na kimoja cha joka. Cha tatu ni kipande cha utepe wa rangi ya mchanga, kina mstari mwekundu katikati na mistari miembamba ya buluu kandokando, buluu nzito upande huu na buluu nyepesi upande ule. Hakikushikamana na kitu chochote. Shangazi alitaka kukitupa. Nilimwambia akiweke, na baadaye utaona kwa nini.

Tatizo la kwanza liko kwenye neno letu wenyewe. Sisi twasema "nishani" na tumemaliza. Neno hilo hubeba kila kitu kinachoning'inia kifuani, kuanzia kwa jemadari hadi kwa mtoto aliyeshinda mbio za shule. Lakini jeshini vitu hivi haviwi sawa. Kuna nishani ya ushujaa, ambayo mtu hupewa kwa kitendo fulani, siku fulani, mbele ya mashahidi, na afisa akaandika barua kumpendekeza. Kuna medali ya vita, ambayo hupewa kila aliyekuwepo. Na kuna beji, ambayo kazi yake ni kumtambulisha mtu tu: huyu ni wa kikosi fulani, au huyu alikuwa askari na sasa si askari.

Hiyo beji ya mwisho ina kisa chake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, huko Uingereza, wanawake walikuwa wakiwapachika manyoya meupe wanaume waliowakuta mitaani bila sare, kuwaambia kwamba ni waoga. Wengine waliopachikwa walikuwa wametoka hospitali, wameachishwa jeshi kwa majeraha. Mnamo Septemba 1916 serikali ikaanza kuwapa watu hao beji ndogo ya fedha ya kubana kwenye koti la kiraia, imeandikwa kwamba mvaaji amemtumikia Mfalme na Dola. Zilitolewa zaidi ya milioni moja. Nyuma ya kila moja palichapwa namba, na namba hiyo inaweza kukupeleka kwenye daftari, na kwenye daftari ukakuta jina. Kumbuka jambo hilo la namba.

Nyota ya Burma iko kwenye fungu la pili, medali ya kila aliyekuwepo. Jenerali Slim, aliyeongoza Jeshi la 14 lililomtoa Mjapani Burma, na mpishi aliyekuwa akichochea sufuria ya uji nyuma ya mstari, wote walipata nyota ileile, shaba ileile, saizi ileile. Sharti la mwanajeshi wa nchi kavu lilikuwa awe ametumika ndani ya Burma kati ya tarehe 11 Desemba 1941 na 2 Septemba 1945, hata kama ni siku moja. Mchana mmoja ulitosha. Hakuna aliyeuliza ulifyatua risasi ngapi.

Kwa hivyo wale Wajapani kumi hawamo kwenye nyota. Sisemi hakuwaua, nasema nyota haijui. Angekuwa ametuzwa kwa ushujaa, mkebe ungekuwa na kitu kingine, kwa mfano Medali ya Kijeshi, ambayo ni ya fedha, mviringo, na nyuma yake imeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni ya ushujaa uwanjani. Askari wa Keya walizipata. Ile kubwa kuliko zote, Msalaba wa Victoria, katika vita hivyo Keya iliambulia mmoja tu: ni wa Sajini Nigel Leakey, mzungu wa Kenya, aliyeuawa tarehe 19 Mei 1941 huko Colito, Uhabeshi, baada ya kurukia kifaru cha Mtaliano na kukifungua kifuniko. Kuwa mmoja huyo alikuwa mzungu ni jambo ambalo msomaji anaweza kulitafakari mwenyewe. Barua za kupendekeza ziliandikwa na maafisa, na maafisa wote walikuwa wazungu.

Sasa turudi kwenye mkebe, maana vitu vya ndani yake husomwa pamoja, kama sentensi. Ukichukua neno moja peke yake linakuhadaa.

Vita vya 1939 hadi 1945 vilikuwa na nyota nane (ya tisa, ya Aktiki, iliongezwa mwaka 2013), kila moja na uwanja wake wa vita, na zote zina umbo lilelile. Tofauti ni maandishi ya katikati na rangi za utepe. Utepe wa Burma ni mwekundu katikati, buluu nzito pande zote mbili, na ndani ya kila buluu mstari wa rangi ya chungwa ulio mfano wa jua. Nyota ya 1939 hadi 1945, ambayo ndiyo ya msingi, ina rangi tatu sawasawa: buluu nzito ya wanamaji, nyekundu ya jeshi la nchi kavu, buluu nyepesi ya wanahewa. Na ule utepe wa rangi ya mchanga ambao Shangazi alitaka kuutupa ni wa Nyota ya Afrika. Mchanga ni wa jangwa.

Yaani kipande cha kitambaa chenye urefu wa kidole kilituambia jambo ambalo nyumba nzima hawakulijua: kabla ya Burma, mzee yule alikuwa amepigana na Mtaliano. Nyota ya Afrika kwa askari wa upande wetu ilitolewa kwa waliotumika Somalia, Eritrea na Uhabeshi, kuanzia Mtaliano alipoingia vitani tarehe 10 Juni 1940 hadi mji wa Gondar, Uhabeshi, ulipoanguka tarehe 27 Novemba 1941. Ndani ya muda huo majeshi yaliyotoka Kenya yaliingia Mogadishu, Februari 1941, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Siku moja pale nayo ilitosha. Lakini kuna mtego: Madagaska, ambako brigedi ya Waafrika Mashariki ilipelekwa mwaka 1942, haikuhesabiwa kwenye Nyota ya Afrika, japo kwa ramani ni kisiwa cha Afrika. Ilihesabiwa kwenye ile ya msingi, ya 1939 hadi 1945. Mtu akikuambia babu yake alipata Nyota ya Afrika kwa kupigana Madagaska, mmoja kati ya nyota na babu amesimuliwa vibaya.

Medali ya mviringo yenye simba ndiyo ya kawaida kuliko zote. Ni ya vita kwa jumla: siku 28 za utumishi popote pale, hata kama hukutoka Nairobi. Simba ni Uingereza, vichwa viwili ni maadui wa Magharibi na wa Mashariki. Wengi huiona ina thamani kwa kuwa ni nyeupe wakadhani fedha. Ile iliyotolewa na Uingereza ni shaba iliyochanganywa na nikeli, kama sarafu.

Ukizipanga, basi, mzee alistahili vitu vinne: Nyota ya 1939 hadi 1945, Nyota ya Afrika, Nyota ya Burma, na medali ya simba. Mkebeni ziko mbili na utepe wa ya tatu. Nilipomuuliza Shangazi, alifikiri, kisha akacheka kwa aibu. Baada ya matanga walikuwa wamekaa ndugu wanne, na vitu vilikuwa vinne. Kila mmoja akachukua chake, na cha mmoja kikabaki mkebeni pamoja na cha Shangazi. Nyota moja iko Voi kwa kaka yake mkubwa; ya mdogo wao, hakuna ajuaye iliishia wapi. Waligawana kwa haki kabisa, kama wagawavyo mbuzi, na ile sentensi ikakatika vipande vinne. Ikiwa nyumbani kwenu ziko bado pamoja na mwahitaji kugawana, pigeni picha kwanza, zikiwa zimepangwa, mbele na nyuma.

Sasa lile la jina

Mtu wa kawaida akishika medali ya vita huigeuza kutafuta jina. Ni haki yake. Medali za Vita Kuu ya Kwanza zilikuwa na majina: geuza ile ya fedha yenye mtu juu ya farasi, tazama ukingo wake, utakuta namba, cheo, jina na kikosi vimechapwa kwa herufi ndogo kuzunguka duara. Majina ya watu wetu yaliandikwa jinsi karani alivyosikia, na mara nyingine alisikia vibaya, lakini yapo. Ile ya fedha ilikuwa fedha kweli, na hilo ndilo lililoiangamiza: mwaka 1980 bei ya fedha ilipopanda duniani, nyingi ziliyeyushwa, jina na farasi pamoja.

Vita vya pili Uingereza ilibadili utaratibu. Waliostahili walikuwa mamilioni, kuchapa majina kulionekana ni gharama na kazi isiyokwisha, ikaamuliwa nyota na medali zitolewe tupu. Australia na Afrika Kusini zilichapa majina ya watu wao. Uingereza na makoloni yake hawakuchapa. Nyuma ya Nyota ya Burma ya askari wa Keya ni laini kama kijiko.

Mimi naliona hili ndilo fundo kubwa la habari nzima. Nyota husema mahali na wakati. Haisemi mtu. Hakuna namba, kama ile ya beji ya fedha ya 1916, ya kukupeleka daftarini. Nyota iliyomo ndani ya mkebe wa Shangazi na nyota iliyomo kwenye kabati la vioo la mwuza vitu vya kale hazina tofauti yoyote ila simulizi. Nilishawahi kuona moja ikiuzwa Mji wa Kale, si mbali na Ngome ya Yesu, kati ya bakuli la shaba na saa mbovu, na mwenye duka akaniapia ilikuwa ya "askari mmoja shujaa sana wa hapa hapa". Huenda. Na huenda ilinunuliwa kwa mnada huko Ulaya.

Atakayejipachika nyota tupu nani wa kumpinga? Idi Amin alijitangaza kwa miaka mingi kuwa alipigana Burma. Kumbukumbu za jeshi zinaonyesha aliingia Keya mwaka 1946, vita vimeshakwisha, akaanzia jikoni.

Tofauti yake ni Waruhiu Itote, yule kiongozi wa Mau Mau aliyekuja kuitwa Jenerali China. Yeye Burma alifika kweli, na alieleza mwenyewe namna safari ile ilivyomfungua macho kabla hajaingia msituni kumpiga Mwingereza yuleyule. Kenya ilitoa karibu watu laki moja vita hivyo. Wengi walirudi kimya.

Njia ilipitia hapa

Ukitaka kuielewa Nyota ya Burma ukiwa Mombasa, simama mahali unapoweza kuona meli zikiingia Kilindini. Njia ilianzia hapo. Aprili 1942, Mjapani alipoishambulia Colombo, manowari za Mwingereza za Bahari ya Hindi ziliondoka huko zikahamishia makao Kilindini. Wavunja misimbo nao wakaja, wakakaa kwenye jengo la shule ya Allidina Visram, juu ya bahari, wakisikiliza redio za Mjapani na kuzitegua siri zake, pamoja na msimbo wa meli zake za mizigo. Wanafunzi waliopita kwenye madarasa hayo baadaye, sijui wangapi waliambiwa.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1943, alama yake begani kichwa cha kifaru, mnyama, si gari. Ilisafirishwa hadi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, ikafanye mazoezi ya msituni. Safari yenyewe ilikuwa vita. Tarehe 5 Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Mombasa. Mojawapo ilikuwa Khedive Ismail, imebeba watu zaidi ya 1,500, na kati yao karibu elfu moja ni wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, Rejimenti ya 301. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido. Ilizama kwa muda usiozidi dakika tatu. Walikufa karibu watu 1,300. Manowari mbili za msafara, Petard na Paladin, ziliisaka nyambizi ile zikaizamisha, na mabomu yao yalilipuka majini mahali palepale walipokuwa wakielea walionusurika.

Kwa upande wa bahari, mipaka ya Nyota ya Burma ilianzia Ghuba ya Bengal. Maldivi iko magharibi ya hapo. Wale wa Khedive Ismail waliondoka Kilindini wakielekea vita vya Burma, na nyota ya vita hivyo hawakuifikia. Majina yao yamo kwenye ukumbusho ulio ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Mombasa walikopandia meli, wapita njia wengi huoneshana zile sanamu za askari za Digo Road wakisema ndio hao. Sio. Sanamu zile ni za vita vya 1914 hadi 1918, za askari na wapagazi wa wakati wa baba zao.

Waliofika waliingia Burma katikati ya mwaka 1944, masika ya huko yamepamba moto, wakateremka bonde la Kabaw. Wanajeshi walilipachika jina la Bonde la Mauti kwa sababu ya malaria na homa ya utitiri wa msituni, iliyoua hata wale ambao hawajamwona adui. Kila asubuhi mtu alimeza kidonge cha manjano cha kuzuia malaria, ngozi ikageuka manjano vilevile. Kawaida majeshi yalingoja mvua zipite ndipo yapigane. Slim aliamua kutongoja, na waliopewa kusukuma bondeni ndani ya mvua walikuwa ni hawa wetu.

Barabara haikuwepo. Palikuwa na njia ya udongo ambayo lori la kwanza huikata, la pili huifukua, la tatu huzama. Chakula na risasi vilidondoshwa na ndege kwa miavuli, kwa kuwa magari hayakuweza kupita wakati mwingine kwa siku nyingi. Magogo yalilazwa kwa kupangana juu ya matope ili magurudumu yapate pa kushika, mvua ikinyesha yanaelea. Madereva walilala chini ya malori yao. Mwanzoni mwa Desemba divisheni iliufikia mto Chindwin ikaitwaa Kalewa, na hapo mainjinia wakafunga daraja la vyuma la kuelea, urefu zaidi ya futi 1,100, refu kuliko madaraja yote ya aina hiyo duniani wakati huo. Divisheni ikatolewa kwenda kupumzika India. Majeshi mengine yakavuka kwenye daraja hilo kwenda Mandalay, na habari nyingi zilizoandikwa kuhusu ushindi wa Burma huanzia hapo, kwa waliovuka.

Utepe ulikuja kwanza. Vita vikiendelea, mtu aliyestahili alishonewa kipande cha kitambaa kifuani, na shaba yenyewe ilikuja kutengenezwa miaka kadhaa baada ya vita. Wakati huo askari wengi walikuwa wameshatawanyika, mmoja Kitui, mmoja Voi, mmoja yuko gatini Kilindini akibeba magunia. Ndiyo maana kuna familia zilizo na utepe bila nyota, na nyota bila utepe, na nyingi zaidi hazina chochote ila neno "Burma" kwenye mazungumzo. Nairobi liko hata soko la Burma.

Kuhusu fidia, nitasema kwa ufupi kwa sababu ndipo watu wanapoumizwa. Medali ya vita haina pesa. Haikuwa nayo siku ilipotolewa wala haina leo. Kulikuwa na kiinua mgongo cha kuachishwa jeshi, na hicho kililipwa kwa cheo, kwa muda, na kwa rangi ya ngozi: hati za serikali ya kikoloni zilizoibuliwa mwaka 2019 zilionyesha askari Mwafrika alilipwa hata theluthi moja tu ya alicholipwa mzungu wa cheo kilekile. Kinyongo cha hapo ni cha haki kabisa. Lakini atakayekuja mlangoni akikuomba ada ya kuandikisha nyota ili ulipwe, mwonyeshe njia. Shangazi alikuwa ameshatoa elfu mbili kwa mtu wa namna hiyo.

Na waliorudi hawakukaa tu kusubiri. Januari 1947, wafanyakazi kama elfu kumi na tano wa Mombasa waligoma, bandari na reli vikasimama, mji ukakaa karibu wiki mbili bila kwenda. Kati ya waliogoma walikuwemo watu waliokwisha kuona dunia kwa gharama ya jeshi. Shangazi asema babake alikuwemo. Hilo sina karatasi yake.

Karatasi ndilo jibu la swali la jina. Nyota iliyo bubu hupata sauti ikikutana na karatasi, na karatasi ya kwanza kutafuta ni cheti cha kuachishwa jeshi. Kiko mara nyingi mahali pamoja na vipande (vitambulisho vya wakati wa mkoloni), risiti za kodi ya kichwa na picha za pasipoti: chini ya godoro, nyuma ya fremu, ndani ya msahafu au Biblia. Huko Uingereza kuna shajara za vita za vikosi vya Keya, zilizoandikwa siku kwa siku, lakini ukizifungua utakuta majina ya maafisa na idadi ya askari. "Wawili wamekufa, watano wamejeruhiwa." Waliokufa wana daftari lao kwenye tume inayotunza makaburi ya vita, nayo yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba Waafrika wengi wa vita vya kwanza hawakuandikwa popote kwa majina. Aliyerudi mzima hana daftari la namna hiyo. Aliyerudi mzima ana cheti chake, ikiwa panya hawajakila.

Ile bahasha ya mkebeni hatukuwa tumeifungua. Shangazi alidhani ni risiti. Tulikaa barazani kwake, akaitoa karatasi taratibu, imekunjwa mara nne na mikunjo imeshakatika, ikawa kama ramani yenye madirisha. Jina la babake limeandikwa vibaya, herufi mbili zimebadilishana. Ameingia 1940. Ametoka 1946. Mwenendo: mwema sana. Nikamsomea mstari wa kazi aliyoifanya jeshini, na kwa kuwa uliandikwa kwa Kiingereza nikamtafsiria: dereva.

"Dereva?" akasema. "Babangu hakuendesha gari maisha yake yote."

Nikamwonyesha neno kwa kidole. Akalitazama muda mrefu, ingawa bila miwani yake hawezi kusoma. Nikamweleza yale matope, yale magogo, yale malori.

Akanyamaza. Kisha akaniambia kwamba walipokuwa wadogo, wakienda Taita kwa lori la mkaa, mvua ikianza tu babao alikuwa akigonga bodi, lori lisimame, ateremke. Mama na watoto waliendelea na safari. Yeye alitembea kwa miguu kandokando ya barabara, amelowa, hata maili tatu, hata nne, mpaka mvua ikatike ndipo apande lingine. Walidhani ni ukaidi wa uzee.

Akaikunja karatasi mara nne, kwenye mikunjo yake ileile.